Usumbufu peke yake si kosa: dhana potofu kuhusu maandamano Zanzibar

Nimechoka kulisikia. Mimi ni wakili. Anakuja ofisini kwangu mwenye duka, anakuja dereva wa gari ya shamba, anakuja kijana aliyetumwa na wenzake kuulizia sheria, na maneno ni yale yale: maandamano yanasumbua watu, kwa hiyo yamekatazwa. Wanaopinga wanalisema kama hoja ya mwisho, wanaotaka kuandamana wanalisema huku wameshakata tamaa, na wote wanaondoka bila ya kuisoma sheria yenyewe. Sitaeleza hapa katiba ni kitu gani wala haki ni nini, hayo mnayajua. Nitaeleza yale mnayoambizana barazani.

Dhana: "Yakisumbua watu, yamevunja sheria"

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na ndiyo inayoniudhi kuliko nyengine.

Ibara ya 20 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inampa kila mtu uhuru wa kukusanyika na wenzake kwa amani. Ibara ya 20 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 nayo inaulinda uhuru huo huo. Sharti lililowekwa ni amani. Hakuna sharti la kutomkera mtu, wala la kutopunguza mwendo wa magari.

Kwa vile polisi ni jambo la Muungano, sheria inayotuhusu ni ile ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322. Kifungu cha 43 kinasema ofisa wa polisi asizuie mkusanyiko mpaka aridhike kwamba lengo lake si halali, au kwamba unaelekea kuvunja amani, kuhatarisha usalama wa watu au kuharibu utulivu wa umma. Sababu ni hizo. Foleni haimo. Duka kukosa wateja asubuhi moja halimo.

Hapo nitaulizwa: "Lakini wakili, foleni si ndiyo kuharibu utulivu wa umma?" Basi tuangalie tunavyoishi. Siku za mwisho za Ramadhani, Darajani bidhaa zinatandazwa mpaka barabarani na gari zinapita kwa shida. Msafara wa kiongozi ukitoka uwanja wa ndege, daladala za 505 zinasimamishwa zimejaa abiria, na watu wanasubiri juani. Sikukuu za Idi, tamasha la Sauti za Busara linapopita mitaani, Januari 12 watu wanapomiminika kwenye sherehe za Mapinduzi: barabara zinafungwa, trafiki wanaelekeza, wananchi wanavumilia. Hakuna aliyewahi kuyaita mambo hayo uvunjifu wa amani, na hayakustahili kuitwa hivyo. Lakini usumbufu ule ule ukiletwa na watu wenye mabango ya kudai maji, tunaambiwa amani imo hatarini. Kilichobadilika hapo ni ujumbe tu, na hakuna ofisa aliyepewa mamlaka ya kupima utulivu wa umma kwa kusoma mabango.

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1976. Kamati ya Haki za Binadamu inayousimamia mkataba huo ilitoa Maoni ya Jumla Na. 37 mwaka 2020, na imelieleza jambo hili bila ya kuzunguka: mkusanyiko unaweza kukwamisha magari, wapita njia au biashara, hata kwa makusudi, na bado ukabaki chini ya ulinzi wa sheria. Kusukumana peke yake hakuhesabiwi kuwa vurugu. Kamati ikaongeza kuwa, kadiri inavyowezekana, waandamanaji waonekane na wasikike na wale wanaowakusudia. Kwa hiyo ule ushauri wa "nendeni mkaandamane huko maporini ambako hamumsumbui mtu" si suluhisho. Ni kuwapa watu haki iliyotolewa kiini.

Haya hayana maana kwamba usumbufu haupimwi. Unapimwa, na hiyo ndiyo kazi inayotakiwa kufanywa na polisi na waandaaji wakiwa meza moja. Mwenye duka wa Mlandege aliyekosa wateja kwa saa mbili amesumbuliwa, na inafaa aambiwe mapema ili ajipange. Mgonjwa aliyekwama ndani ya gari la wagonjwa karibu na Hospitali ya Mnazi Mmoja amedhuriwa, na huyo hawezi kuambiwa avumilie. Saa mbili si sawa na siku tatu. Asubuhi ya Jumamosi si sawa na Ijumaa wakati watu wanakwenda kusali. Na Pemba mizani inakuwa nzito zaidi kwa sababu njia ni chache: mgonjwa anayetolewa Wete kupelekwa Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, anapita Chake Chake. Mkiifunga barabara ya Chake mmekigawa kisiwa vipande viwili. Polisi wakikwambieni mpite njia nyengine, au muache upande mmoja wa barabara wazi, au mumalize kabla ya adhuhuri, wako ndani ya haki yao na nitakushaurini mkubali. Marufuku kamili ndiyo inayotakiwa ije mwisho kabisa, baada ya hayo yote kushindikana.

Ndiyo maana barua za taarifa ninazowaandalia wateja wangu kuzipeleka polisi huwa na ukurasa wa pili, ingawa sheria hailazimishi. Ni mchoro wa mkono: duara la Michenzani, mshale wa kule maandamano yanakoelekea, alama pale watakaposimama wasimamizi wenye vizibao vya manjano, na mstari mwekundu wa upande wa barabara utakaobaki wazi kwa gari za wagonjwa. Chini yake majina ya wasimamizi na namba za simu. Ofisa akishaushika ukurasa ule, mazungumzo yanahama. Hatuzungumzi tena kama maandamano yafanyike au yasifanyike, tunazungumza gari zipite wapi. Wateja wangu wengi wanauona ni kazi ya ziada. Nawaomba waifanye hivyo hivyo.

Dhana: "Lazima upate kibali cha polisi"

Hapana. Zama za kibali zilikuwepo, na mwaka 1994, katika kesi aliyoifungua Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu alisema sharti hilo linakwenda kinyume na Katiba. Sasa kinachotakiwa ni taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi msimamizi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla, ikitaja pahala, wakati na madhumuni. Ukishaipeleka unaendelea na maandalizi yako, isipokuwa ukiletewa amri ya kuzuia. Kimya cha polisi hakikuzuii. Vyama vya siasa navyo, kwa Sheria ya Vyama vya Siasa, vinatoa taarifa kabla ya mkutano wa hadhara.

Barua ya sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaani? Kumjulisha sheha ni adabu na ni busara, lakini kifungu cha 43 kinamtaja ofisa wa polisi. Kiwanja ni suala jengine: ukitaka Kibanda Maiti au Tibirinzi, kubaliana na mwenye kiwanja.

Nina jambo moja ninalolishikilia. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri, na pembeni mwa muhuri iandikwe saa, si tarehe tu. Saa 48 hazithibitishwi kwa tarehe pekee. Nimeshaona ubishi wa siku nzima kwa sababu hakuna aliyeandika kama barua ilipokewa asubuhi au alasiri.

Dhana: "Rais ndiye aliyeturuhusu mwaka 2023"

Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiliwa kwa tamko mwaka 2016, na Rais Samia Suluhu Hassan akaliondoa zuio hilo Januari 3, 2023. Uamuzi wake ulikuwa mzuri. Lakini Katiba haikubadilishwa mwaka 2016 wala 2023. Haki ilikuwepo muda wote, na anayedhani ni zawadi atakubali inyang'anywe tena bila ya kuuliza.

Dhana: "Ni haki ya katiba, kwa hiyo haina mpaka"

Hii ni ya vijana, na inanisikitisha kwa sababu inawapeleka rumande. Ibara ya 24 ya Katiba ya Zanzibar na Ibara ya 30 ya Katiba ya Muungano zote zinaruhusu sheria kuiwekea haki mipaka. Mawe si maandamano. Kuchoma tairi katikati ya barabara si maandamano. Kukaa mbele ya lango la hospitali au zimamoto mpaka gari lishindwe kutoka, hata mkiwa mmenyamaza kimya, sitakutetea kwa moyo mkunjufu.

Dhana: "Mmoja akirusha jiwe, wote wahalifu"

Aliyerusha akamatwe. Wenzake waliotulia wanabaki na haki yao.

Dhana: "Maandamano kwetu ni damu"

Hili nalisikia kwa wazee, zaidi wa Wete na Micheweni, na silijibu kwa haraka. "Mwanangu, wewe hujui tulichokiona," wananiambia, na wanasema kweli. Januari 26 na 27, 2001, siku za maandamano, watu waliuawa kwa risasi Unguja na Pemba, na zaidi ya watu 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba mwaka ule vyama vya CCM na CUF vikatia saini muafaka wa pili, yaani makubaliano ya kumaliza mgogoro wao wa kisiasa, na baadaye tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ikaundwa kuchunguza mauaji yale. Ninachowaomba wazee wangu ni wasiwabebeshe waandamanaji dhambi ya waliofyatua risasi. Watu kutembea barabarani si jambo linalohitaji jibu la silaha, na somo la mwaka ule liwahusu kwanza wenye bunduki.

Dhana: "Amri ya kuzuia ikija, mambo yamekwisha"

Siku yenyewe, itiini. Sura ya 322 inasema watu watatu au zaidi wakikaidi amri halali ya kutawanyika, mkusanyiko unageuka haramu, na hapo mtaharibu kesi nzuri. Lakini iombeni amri kwa maandishi, na muulize ni sababu ipi kati ya zile za kifungu cha 43 iliyotumika. Mkijibiwa "watu watasumbuka", hilo jibu liandikeni, kwani mtalihitaji kwenye rufaa kwa Waziri au mahakamani. Kisha jioni ile ile kaeni muandike barua ya pili, yenye njia mpya, wakati mpya na mchoro wake, na muihesabu saa 48 upya kuanzia saa iliyoandikwa pembeni mwa muhuri.