Maziwa hayasafishi mapafu

Hii ya kunywa maziwa ati yaoshe moshi kifuani tumeisikia tangu utotoni. Pale Kamukunji, Nairobi, fundi anachomelea vyuma mchana kutwa, jioni anashika pakiti ya maziwa akijua kifua kimesafishwa. Hapana jamani. Maziwa yanashuka tumboni na moshi unaenda kwenye mapafu, ni njia mbili tofauti kabisa, na kama maziwa yangefika kwenye mapafu ungepaliwa vibaya sana.

Pua na makohozi hushika vumbi kubwa kubwa, hilo sawa. Shida ni zile chembe za chini ya mikromita 2.5, nyembamba karibu mara 30 kuliko unywele, hizo zinapita mpaka kwenye vifuko vya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu, ndio maana moshi unaleta hata ugonjwa wa moyo na stroku, si kikohozi tu. Kule hakuna kinywaji kinachofika.

Kinachosaidia ni kuzuia moshi kabla haujatoka. Mwaka 2015 nchi yetu Kenya ilishusha salfa kwenye dizeli, ile inayozidisha chembe za moshi, kutoka sehemu 500 hadi 50 kwa milioni, hiyo ni kazi ya maana, ila matatu ikiwa na injini mbovu bado itatema moshi mweusi, kwa hivyo ukaguzi wa magari lazima, na taka za jalala la Dandora zisichomwe. Fundi naye apewe barakoa inayochuja chembe na afanyie kazi penye hewa. Maziwa anywe tu, ni chakula kizuri.