Je, wajua? Hataza ya manjano haikuwa ya manjano

Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza (patent, haki anayopewa mvumbuzi) nambari 5,401,504 kuhusu manjano, kiungo kile kile kinachopimwa kwa kijiko sokoni Lamu na kusagwa pamoja na liwa kumsinga bi harusi. Je, mwenye hataza ya dawa humiliki nini hasa?

Jibu linalowahi kutoka mdomoni ni kwamba anamiliki dawa. Si kweli, na kosa hili halijawaepuka hata wanaouza dawa kila siku. Jina linaloandikwa juu ya hataza halina nguvu yoyote ya kisheria, maelezo marefu ya katikati ni ya kufafanua tu, na mipaka yote imo katika sehemu inayoitwa madai, sentensi zenye nambari ambazo kwa kawaida huwekwa mwishoni, mahali ambapo msomaji aliyechoka hafiki.

Dai la kwanza la hataza ile lilihusu njia ya kusaidia kidonda cha mgonjwa kipone, kwa kumpa unga wa manjano wa kiasi kinachotosha. Basi. Tulipitishe mtaani. Somo anayemsinga mwari Langoni hakuligusa, kwa sababu hapana kidonda. Mpishi wa mchuzi hakuligusa, wala mkulima, wala muuza viungo. Fundi wa jahazi aliyejikata kwa tezo akapaka manjano alifanya neno kwa neno kinachosemwa na dai, lakini alikuwa Lamu, na hataza ya Marekani huishia kwenye mipaka ya Marekani. Isitoshe, Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001 haikubali hataza juu ya njia ya kumtibu mtu. Inakubali juu ya bidhaa inayotumika katika tiba hiyo, na hapo ndipo biashara yote ya dawa ilipo.

Kosa la pili ni kudhani hataza ni ruhusa. Hataza haimruhusu mtu kufanya chochote. Inampa haki ya kuwazuia wengine. Malindi hili halihitaji maneno mengi, maana mji umezoea nyumba bila ardhi: kiwanja cha mmoja, nyumba ya mwingine. Mwenye nyumba anaweza kukufungia mlango wake, na bado analipa kodi ya ardhi. Mwenye ardhi anaweza kumdai kodi, ila hawezi kuingia akalala chumbani. Kila mmoja ana haki ya kuzuia, na hakuna aliye na haki ya kila kitu.

Dawa moja hujengwa hivyo hivyo. Ardhi ni hataza ya molekuli yenyewe. Juu yake huja hataza ya chumvi fulani ya molekuli hiyo (si ya mezani, bali molekuli ikiwa imeunganishwa na kemikali nyingine), kisha ya muundo wa kidonge, ya mchanganyiko na dawa nyingine, ya njia ya kuitengeneza, ya ugonjwa mpya inaoutibu. Kila moja ina tarehe yake. Ndiyo maana kuuliza "hataza ya dawa hii inaisha lini?" ni kama kuuliza mtaa mzima una mlango gani.

Bedakwilini, dawa ya kifua kikuu sugu, inaonyesha vizuri. Hataza kuu ya molekuli ilifika mwisho katika nchi nyingi Julai 2023. Lakini kidonge kinachouzwa ni chumvi yake ya fumareti, na hataza ya chumvi hiyo, palipotolewa, inakwenda hadi 2027. Ardhi imeachiwa, nyumba bado imefungwa. Kinadharia kiwanda kingine kingejenga nyumba yake palepale, kwa chumvi nyingine. Kwa vitendo, kisima kiko ndani ya ua wa nyumba ya kwanza: majaribio yaliyowashawishi wasajili wa dawa yalifanywa kwa fumareti, na anayebadilisha chumvi hubeba mzigo wa kuthibitisha kwamba dawa yake inafika mwilini vilevile. India ilikataa ombi la chumvi hiyo Machi 2023. Septemba mwaka huo kampuni ya Johnson & Johnson ilitangaza kwamba haitazitumia hataza zake za dawa hiyo kuwazuia watengenezaji wanaouzia nchi 134 za kipato cha chini na cha kati. (Mfano wa nyumba una mwisho wake: ardhi hukaa, hataza hufa.)

Dai lenyewe husomwaje? Chukua mahamri. Tuseme dai ni "hamri lenye unga wa ngano, tui la nazi, hamira na iliki." Anayeongeza ufuta bado yumo ndani ya dai, kwa sababu vitu vyote vinne anavyo. Anayeacha iliki ametoka. Dai likisema "lenye vitu hivi vinne tu", hata ufuta unamtoa. Hapo ndipo wengi hukwama: wakiona dai refu lenye vipimo na majina ya kemikali hudhani limefunika eneo kubwa, kumbe kila neno linaloongezwa linapunguza uwanja. Dai la kuogopwa ni fupi.

Ila usiende na kanuni hiyo mahakamani peke yake. Hataza ya dawa ya saratani pemetreksedi ilidai chumvi ya sodiamu. Kampuni ya Actavis ilitaka kutumia aina nyingine, ikiwamo ya potasiamu, ikiamini imetoka nje ya maneno. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua Julai 2017 kwamba tofauti hiyo haikuwa na uzito, na hataza ilikuwa inavunjwa. Iliki imetolewa, hiliki imewekwa. Nchi hazilingani katika jambo hili.

Anayetaka kujua kama dawa fulani imefungwa hapa kwetu aanze na jina la kitaalamu, si la kibiashara. Panadol ni alama ya biashara, na alama Kenya huhuishwa kila miaka 10 bila ukomo, hata kama paresetamoli yenyewe ni ya kila mtu. Kwa jina hilo atafute katika MedsPaL, hifadhi ya bure inayoonyesha hali ya hataza za dawa muhimu nchi kwa nchi, kisha afungue hati zenyewe katika Espacenet au Patentscope, hifadhi za hati za hataza mtandaoni. Herufi ya mwisho ya nambari ina maana: kwa kawaida A ni ombi lililochapishwa tu, B ni hataza iliyotolewa. Hapa hata wazoefu huteleza, kwa kuwa hati za Marekani za kabla ya 2001 zilitumia A kwa hataza kamili, na ya manjano ni mojawapo.

Miaka 20 huhesabiwa tangu siku ombi lilipowasilishwa, si siku hataza ilipotolewa, na ada ya mwaka isipolipwa hataza hufa mapema. Kwa Kenya angalia njia mbili: ombi huweza kupelekwa moja kwa moja KIPI, taasisi ya mali ya viwanda ya Kenya, Nairobi, au kupitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la mali ya ubunifu, Harare, Kenya ikitajwa miongoni mwa nchi. Wanaoangalia moja hupata nusu ya ramani.

Hata pale hataza ipo, haifungi kila mlango. Kifungu cha 58 cha sheria ile ya 2001 kinaruhusu kuingiza dawa halisi ambayo mwenye hataza ameshaiuza kwingine kwa bei nafuu, na cha 80 kinaiwezesha serikali kuagiza uvumbuzi utumike kwa manufaa ya umma. Aprili 2012 Mahakama Kuu ilikataa vifungu vya sheria ya bidhaa bandia ya 2008 ambavyo vingeweza kuichanganya dawa jenerika (nakala halali ya dawa iliyopo) na dawa feki, katika kesi iliyofunguliwa na watu wanaoishi na VVU. Ukivuka Lunga Lunga mambo ni mengine: Tanzania, ikihesabiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni zaidi, hailazimiki kwa mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) kulinda hataza za dawa hadi mwanzo wa 2033.

Na manjano? Baraza la utafiti wa sayansi la India, CSIR, liliomba hataza ichunguzwe upya, na mwaka 1997 madai yakakataliwa kwa kuwa hayakuwa na jambo jipya. Kilichoyaangusha ni karatasi: maandishi ya kale ya Kisanskriti na makala ya jarida la madaktari wa India ya 1953. Ushahidi wa bibi haungetosha. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilihesabu matumizi yasiyoandikwa kama yalifanyika ndani ya Marekani tu. Ya nchi nyingine yalihitaji kuwa yamechapishwa. Kanuni hiyo iliondolewa kwa maombi yaliyowasilishwa kuanzia 16 Machi 2013. Kwa hiyo kama manjano yangekuwa yanapakwa vidondani Lamu pekee, kwa karne kadhaa, bila mtu kuandika, hataza ile ingekuwa ngumu zaidi kung'oa.