Paka kwenye Tuta la Mboga: Funika Udongo Ulio Wazi

Wanaolima mboga kwenye ploti ndogo za Manyatta na Nyalenda, Kisumu, hutuletea lalamiko moja: mbegu za mrenda zimemwagwa jioni, kufika asubuhi tuta limefukuliwa na paka ameacha kinyesi katikati. Paka hutafuta udongo laini, mkavu kiasi, usio na kitu juu yake, apate kufukia haja yake. Tuta jipya lina sifa hizo zote.

Usiache kutumia matuta kwa sababu hiyo. Udongo mweusi mzito wa pande za Kano huvimba mvua ikinyesha na kupasuka ukikauka, na maji yakituama mizizi ya sukuma wiki hukosa hewa. Tuta la kimo cha sentimita 30 hupitisha maji upesi. Upana usizidi mita 1.2, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo.

Sisi tunahofia kinyesi kuliko miche iliyong'olewa. Baadhi ya paka, hasa wadogo wanaoanza kuwinda, hutoa vimelea vya toksoplasma. Vikitoka haviambukizi papo hapo. Huchukua siku 1 hadi 5 kukomaa, kisha huweza kudumu miezi mingi kwenye udongo wenye unyevu. Wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote. Lakini mama mjamzito anayevipata kwa mara ya kwanza anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni, na mtu mwenye kinga iliyoshuka sana anaweza kuugua ubongo. Tafadhali toa kinyesi siku hiyo hiyo ukiwa na glavu, ukitumbukize chooni, wala kisiingie kwenye mboji. Mama mjamzito aachiwe kazi nyingine. Dania na mboga nyingine za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji safi yanayotiririka. Zinazopikwa zikaiva hazina shida.

Kinga bora ni wavu wa kuku: ulaze juu ya tuta mara tu unapopanda, uushikilie kwa mawe pembeni. Miche itapenya kwenye matundu, na paka hawezi kuchimba. Kama pesa ni kidogo, chomeka fito wima kila sentimita 15, au tandaza matawi yenye miiba. Nyasi kavu pekee hazitoshi, kwani paka huzisukuma kando. Mwagilia mara kwa mara, maana udongo mbichi haumvutii. Managu na kunde zikishafunika tuta zima, ataondoka mwenyewe.

Sumu hatuikubali kabisa. Huua mbwa, kuku na hata mtoto anayeokota kila kitu, na paka wakiisha panya huongezeka. Vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu wa nguo navyo ni sumu, visiwekwe shambani. Mtengee paka kona yake yenye mchanga mkavu, mbali na mboga na mahali watoto wanapocheza, na uisafishe kila siku. Ikichafuka, atarudi kwenye tuta.