Tunda linaloivia nyumbani na lisiloiva tena

Mama mmoja wa Area C hapa Dodoma, mteja wangu wa siku nyingi, alinilalamikia kwamba smuthi yake ya nanasi ni chachu hata akiweka asali. Nikamuuliza, mama, hilo nanasi lilikaa ndani siku ngapi? "Wiki nzima, nilikuwa nalingoja liive."

Basi tatizo ni hilo. Nikifika Soko la Majengo, kabla ya rangi wala bei najiuliza: hili likishachumwa, bado linaiva? Embe, papai, ndizi na parachichi huendelea kuivia nyumbani. Nanasi, zabibu na tikiti maji hayaongezi utamu baada ya kukatwa. Yatalainika, kisha yatachacha. Ndiyo maana nanasi nalinusa kwenye kitako, na lisiponukia nalirudisha. Ganda lisikudanganye, yapo ya kijani yaliyo matamu kabisa.

Zabibu ndizo fahari yetu Dodoma, tunavuna mara mbili kwa mwaka, lakini wengi tunazichagua vibaya. Ule ukungu mweupe juu ya punje watu huudhani ni dawa tu. Kwa kawaida ni nta ya tunda lenyewe, na ukiwa haujafutika ujue kichala hakijashikwashikwa (kuosha ni lazima hata hivyo). Angalia kikonyo: cha kijani kimechumwa karibuni, cha kahawia kilichokauka kimekaa. Tikisa kidogo, punje zikidondoka, achana nacho. Zabibu zetu nyingi zina mbegu, na blenda ikizisaga smuthi inakuwa chungu. Mimi nazungusha sekunde chache kwa mwendo mdogo, nachuja, ndipo naongeza vingine.

Ndizi nachukua kisukari zenye madoadoa meusi, zile ambazo wengine wanazikwepa. Wanga umeshageuka sukari, na mara nyingi napunguziwa bei.

Jambo moja la maziwa. Nanasi na papai mabichi, yaani yasiyopikwa, yana vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa, kwa hiyo smuthi ikikaa inakuwa chungu. Inywe papo hapo, au tumia maji na kijiko cha unga wa ubuyu. Inakuwa nzito bila maziwa.

Yule mama siku hizi ananusa nanasi moja moja, mpaka muuzaji kamuuliza juzi: "Mama, unanunua au umekuja kuvuta harufu?"