Nyumba za panya miski juu ya barafu

Kila Januari, barafu ikishakuwa nene ya kubeba mtu, mimi hushuka kwenye vinamasi vya kaskazini mwa Iowa, Marekani, kuhesabu nyumba za panya miski, mgugunaji aishiye majini. Ukiziona kwa mara ya kwanza utadhani ni vichuguu: malundo ya matete na tope yaliyochomoza juu ya barafu, mengine yakinifika kiunoni. Kabla sijapima kitu kingine chochote, hesabu hiyo hunipa habari za kinamasi.

Jina lisikupoteze. Tezi zilizo karibu na mkia wake hutoa harufu ya miski, lakini huyu si panya wa ghalani. Jamaa zake wa karibu ni lemingi, wagugunaji wadogo wa nchi za baridi. Ana uzito wa kilo 1 hivi, mdogo kuliko ndezi tunayemjua nyumbani. Manyoya yake ya ndani yamesongamana hata hewa ikanaswa humo, na ngozi hailowi. Mkia ni mtupu, bapa kwa ubavuni, nao humsaidia kujisukuma na kushika uelekeo. Midomo hufungika nyuma ya meno ya mbele, kwa hiyo hukata mashina chini ya maji bila kunywa maji. Aweza kuzama dakika 15 hivi. Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, husimulia kwamba maji yalipofunika dunia, wanyama wenye nguvu walishindwa kufika chini. Yeye ndiye aliyeibuka na konzi ya tope, roho ikiwa imeshamtoka, na tope hilo likawa nchi kavu.

Mimi humstaajabia zaidi wakati wa baridi. Hajifungii kulala miezi yote ile, wala haweki akiba kubwa kama biva, yule mgugunaji mkubwa anayejenga mabwawa. Kila siku sharti apite chini ya barafu kutafuta mizizi, hasa ya lile tete lenye kichwa cha kahawia kama gunzi la muhindi. Chumba chake kiko juu ya usawa wa maji, mlango uko chini yake. Akienda mbali hutoboa barafu na kusukuma majani juu ya tundu mpaka yagande yawe kibanda. Humo huvuta pumzi, hula, kisha husonga mbele.

Sasa fikiria maji yakishuka katikati ya baridi. Barafu hugusa tope, mizizi inafungiwa ndani, naye analazimika kutoka kuzurura kwenye theluji. Paul Errington, mtaalamu wa wanyamapori aliyechunguza vinamasi hivi tangu miaka ya 1930, aliona kuwa minki, mnyama mdogo mla nyama, huwanasa hasa wasio na makao: vijana waliofukuzwa, wagonjwa, waliokaukiwa na maji. Aliyetulia kwake penye maji ya kina si rahisi kumpata.

Jike huzaa mara 2 au 3 kwa mwaka, kwa hiyo wakistawi huongezeka upesi, na wanaweza kufyeka matete yote ya kinamasi. Wengi huita huo uharibifu. Sikubaliani nao. Matete yasipokatwa huziba maji, na bata hawapati pa kutua. Ndege wengi hupenda kinamasi kilicho nusu maji na nusu matete, na huku mfyekaji mkuu ni huyu. Akizidisha, kinamasi husubiri ukame: tope hupigwa jua, mbegu zilizolala humo huota, maji yakirudi matete yapo. Kinachoniuma ni malango ya kudhibiti maji yanayoshikilia kina kilekile mwaka baada ya mwaka, kwa sababu hapo mzunguko huu hukwama.

Ulaya ni habari nyingine. Mwaka 1905 waliachiliwa wachache karibu na Prague, wakaenea sehemu kubwa ya bara. Uholanzi, ambako watu wanaishi nyuma ya matuta ya kuzuia maji, mashimo anayochimba kwenye matuta hayo ni hatari ya kweli, na wapo watu walioajiriwa kumtega. Huko simtetei.

Hapa Iowa, Aprili, hurudi na mtumbwi kwenye nyumba zilezile. Nyingi zimeanza kubomoka. Juu ya moja niliyoiandika Januari nilimkuta bata bukini amelalia mayai, maji pande zote, na mbweha hana njia ya kumfikia. Pembeni, kwenye lundo lililokwisha kuzama nusu, kobe wa maji walikuwa wakiota jua.