Jiwe la Epidaurus Libaki Epidaurus

Kila msimu wa kiangazi barani Ulaya unapokaribia, sisi tunaoshughulikia malikale huulizwa na wasafiri iwapo inaruhusiwa kuchukua kijiwe au udongo kidogo kutoka patakatifu pa Asklepios, mungu wa tiba wa Wagiriki wa kale, kule Epidaurus, Ugiriki, kwa imani kwamba mahali palipowahi kuponya wagonjwa hapakosi baraka hadi leo. Hairuhusiwi. Wala magofu hayo si zahanati, na mwenye maradhi aende hospitali.

Wageni wengi huishia kwenye ukumbi wa maigizo wenye safu 55 za viti vya mawe, wakapiga picha na kurudi kwenye basi, ilhali tiba yenyewe ilifanyika bondeni, katika jengo liitwalo abatoni. Mgonjwa alioga, akatoa sadaka, kisha akalala humo akisubiri mungu amjie ndotoni. Tunayajua haya kwa sababu visa vya waliopona vilichongwa kwenye mawe katika karne ya 4 KK. Kimojawapo kinamhusu Ambrosia wa Athene, mwenye chongo, aliyewacheka waliodai kupona. Mungu alimtokea usingizini, akaahidi kumponya kwa sharti kwamba atoe nguruwe wa fedha awe ukumbusho wa ujinga wake. Baadhi ya mawe hayo yalipatikana yamevunjika, ikabidi vipande viunganishwe kimoja kimoja. Kipande ambacho mtu angekificha kabatini kwake kingeondoka na maneno yake.

Kwa mujibu wa sheria ya Ugiriki namba 3028 ya mwaka 2002, ambayo masharti yake sasa yamo katika sheria namba 4858 ya mwaka 2021, vitu vya kale vinavyohamishika vya hadi mwaka 1453 ni mali ya dola. Anayeokota kitu cha aina hiyo anapaswa kutoa taarifa bila kuchelewa kwa mamlaka ya malikale au kituo cha polisi kilicho karibu, na kukisafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa la jinai lenye adhabu ya kifungo. Anayenunua nakala ya kitu cha kale dukani ahifadhi risiti mpaka afike nyumbani. Anayetaka kurusha droni aombe kibali kabla ya safari, si langoni.

Tunashauri mgeni aanzie kwenye jumba la makumbusho lililo kati ya ukumbi na patakatifu, ayaone maandishi ya waliopona, ndipo ateremke abatoni.