Je, wajua? Kidole kimoja kikirudi freti moja, C meja yaanza kunukia Hijazi

Ushawahi kusikiza bendi za hoteli kule Nyali ama Bamburi, Mombasa, wimbo unaenda na kodi za C, F na G, watu wanacheza wanacheka, mara yule wa gitaa anaingiza F maina badala ya F ya kawaida na ghafla wimbo unapata kahuzuni fulani? Lakini hauwi wimbo wa huzuni, manake akirudi C furaha iko palepale. Sasa hiyo inatokaje?

Ni noti moja tu. C meja ya kawaida ni C D E F G A B, wale wa kwaya mwaijua kwa do re mi fa so la ti. Chukua hiyo la, yani A, ishushe nusu toni (nafasi moja ya gitaa, yani freti moja) iwe A flati, nyengine zote usiziguse. Hiyo ndio hamoniki meja. Na si mambo ya juzi, mtunzi Mrusi Nikolai Rimsky-Korsakov aliiweka kwenye masomo yake ya hamoni miaka ya 1880.

Kodi, yani noti kadhaa zikipigwa pamoja, hujengwa kwa kuchukua noti, unaruka moja, unachukua inayofuata, hivyo hivyo. So kodi yoyote iliyokuwa na A ndani yake yaguswa, isiyo na A haina habari. C, E maina na G zabaki vilevile. F yawa F maina, D maina yawa D diminishi (maina iliyoshushwa noti ya juu), A maina nayo yawa A flati ogumenti (meja iliyopandishwa noti ya juu). B diminishi ya noti tatu haibadiliki, ila ukiiongeza noti ya nne ndio yawa diminishi kamili.

Kwa gitaa ni rahisi kuliko inavyosikika. Naandika kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, namba ni freti ya kubonyeza, 0 ni uzi wazi, x ni uzi usiopigwa. Anza na ile F ya wavivu, xx3210. Sasa kidole cha uzi wa tatu ukihesabu kutoka mwembamba, ule wa G, kirudishe freti moja: xx3110. Hiyo ni F maina yenye E juu yake, na hiyo noti uliyogusa ndio A flati yenyewe. Ikishakaa pale usiitoe: xx2110 ni A flati ogumenti, xx0111 ni D nusu diminishi (ile D diminishi ikiongezwa C), xx0101 ni B diminishi kamili. Kodi nne na freti ya kwanza ya uzi wa G haijaondoka.

Sasa hapa ndio panaponoga. Piga uzi huo huo wa G peke yake, freti 0, 1, 4, 5. Taratibu. Ukiwa umekulia Mombasa lazima utashtuka, manake hiyo ni Hijazi kabisa, ile maqamu (skeli ya Kiarabu) uliyoisikia kwa udi, ile ala ya nyuzi, wa mwanataarab Zein l'Abdin na kwenye kasida. Kati ya A flati na B mna pengo la freti tatu, na hilo pengo ndilo linaloleta ile ladha. Ila wapigaji udi wengi hulibana pengo kidogo, wanaweza kwa sababu udi hauna freti, gitaa lina vyuma haliwezi. Na pia taarab ya udi haikujengwa juu ya kodi, ni melodi vyombo vyote vinaifuata, so mie naona ukiijazia kodi nne nne chini yake waiharibu tu.

Turudi kwa huzuni. A flati iko nusu toni tu juu ya G, noti mbili zikikaribiana hivyo sikio lataka ile ya juu ishuke. A ya kawaida iko toni nzima, haina haraka. Ukitoka F maina kwenda C, A flati yashukia G na F yashukia E, zote kwa nusu toni, ndio maana ule mrudi ni mtamu mno. Na kwa kuwa E haikushushwa, nyumbani kwabaki meja. Ungeishusha na E pia ungekuwa na hamoniki maina, hapo huzuni ni ya kweli.

Ile diminishi ina uchawi wake, noti zake zote zimeachana freti tatu tatu, so xx0101 ukiisogeza mpaka xx3434 halafu xx6767 noti ni zilezile zimebadilishana nafasi tu. Wapiga gitaa hupandia nayo kwenda juu kabla ya kuangukia C.

Ukitaka kuzisikia zote kwa mpigo: C, xx3210, xx3110, xx0101, C. Ile ogumenti iweke kati ya C na F, na usikae nayo sana, haipendi kukaliwa.